Kuitembea Whitechapel kwa jicho la fundi cherehani: njia ya waanarkisti Wayahudi

Wageni wakija London huniomba niwapeleke kwenye kasri la mfalme. Nawaambia kasri mtalipata wenyewe. Mimi nitawapeleka Whitechapel mkaone walipogoma mafundi. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Mombasa, Kibokoni, na riziki yangu hapa ni kufupisha suruali na kubadilisha zipu za watu katika duka dogo huku mashariki ya mji. Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye habari hii, maana ukishona mtaa huu muda mrefu utataka kujua ni nani walioshona kabla yako.

Wengi wao walikuwa Wayahudi kutoka himaya ya Urusi. Mfalme wa huko, Aleksander wa Pili, aliuawa Machi 1881, na baada ya hapo Wayahudi wakawa wanashambuliwa mji baada ya mji. Umaskini nao ulikuwa unawasukuma. Hadi 1914 zaidi ya laki moja walikuwa wameingia Uingereza, na wengi walibaki hapa karibu na gati waliloshukia, kwenye kazi iliyokuwepo, yaani kushona. Kati yao likazuka kundi la waanarkisti, watu walioamini kwamba binadamu wanaweza kuishi kwa makubaliano na kusaidiana, bila serikali, bila tajiri, na bila kiongozi wa dini wa kuwaamrisha. Walikuwa wachache kuliko kelele zilizopigwa juu yao. Hata hivyo, mwaka 1912 wachache hao walishika usukani wa mgomo uliosimamisha cherehani za mashariki ya London. Hapa nakueleza namna ya kuifuata habari yao kwa miguu.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chagua asubuhi ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo soko la Petticoat Lane, pale Middlesex Street, huwa limejaa nguo na wauza nguo, na utaanza matembezi ukiwa tayari na harufu ya kitambaa puani. Njia nzima ni kama kilomita 4 au 5. Ukisimama ninaposimama mimi, itakula saa tatu. Vaa viatu vya kutembelea, na mwavuli usiuache hata kama jua limewaka.

Jua mapema kwamba majengo mengi hayapo. Mengine yalipigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, mengine yalibomolewa na manispaa. Mtu akitaka kuona jengo la kupigia picha atarudi amenuna. Kwa hiyo beba anwani za zamani, na beba ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za zamani za Uingereza, bure, na unaweza kuilaza ramani ya karne ya 19 juu ya ramani ya leo kwenye simu yako. Hapo utaona mtaa uliobadilishwa jina, na uchochoro uliomezwa na shule.

Jambo la pili wageni wangu hulicheka, lakini silisamehe: kabla hujatoka, chukua koti la suti, ligeuze ndani nje, ulitazame. Tazama bitana ilivyoshikizwa. Tazama kola, tazama matundu ya vifungo. Katika karakana za Whitechapel koti moja lilipita mikono mingi. Mmoja amekata, mwingine amepiga bandi, mwingine yuko kwenye cherehani, mwingine kazi yake ni pasi tu kutwa nzima, na wa mwisho, mara nyingi wanawake, wanapinda kwa mkono, wanatoboa na kushona matundu ya vifungo. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha nyumba ya kawaida: jiko la kupashia pasi linawaka, mvuke, taa ya gesi, vumbi la nyuzi kifuani. Msimu ukichanganya, kazi ilikwenda saa 14, 16, hata zaidi. Msimu ukikatika, watu walikaa wiki nzima bila senti.

Na huyo tajiri wa karakana, nani? Mara nyingi naye ni Myahudi, mhamiaji, jana tu alikuwa kwenye cherehani. Anachukua kazi kwa wenye maduka makubwa kwa bei ya chini, kisha anaikamua kutoka kwa watu wake. Kumgomea mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu, kwa kuwa mnasali sinagogi moja, na huenda ndiye aliyekupokea siku uliyoshuka melini. Wageni wangu wengi huja na fikra kwamba Wayahudi ni kitu kimoja, wote matajiri au wote wanawaza sawa. Koti lililogeuzwa ndani nje huwaondolea fikra hiyo kabla hatujafika stesheni.

Aldgate East

Shuka stesheni ya Aldgate East, utokee upande wa Whitechapel Gallery. Jengo lililoungana nalo lilikuwa maktaba ya umma, iliyofunguliwa 1892. Vijana wa vikarakana walikuja humo jioni kusoma na kuota moto. Simama kidogo, kisha tafuta uchochoro mwembamba ubavuni unaoitwa Angel Alley. Ni rahisi kuupita. Ndani yake kuna duka la vitabu la Freedom, ambalo asili yake ni gazeti lililoanzishwa 1886 na akina Charlotte Wilson na Peter Kropotkin. Ukutani kuna nyuso za waanarkisti wa nchi mbalimbali. Duka lilichomwa moto Februari 2013 na likafunguliwa tena. Hakikisha saa zao za kufungua kabla hujaenda, na ukiingia nunua japo kijitabu. Usiwe mtu wa kupiga picha rafu za watu na kuondoka.

Ukivuka barabara uko Altab Ali Park. Altab Ali alikuwa Mbengali, fundi wa karakana ya nguo, aliyeuawa na wabaguzi hapa karibu tarehe 4 Mei 1978 akirudi kutoka kazini. Njia yetu si ya Wabengali, lakini cherehani walizirithi wao, na mtaa ni ule ule.

Henriques Street

Teremka White Church Lane hadi Commercial Road, elekea mashariki, kisha tafuta Henriques Street mkono wa kulia. Zamani iliitwa Berner Street. Palipo na shule ya msingi ndipo ilipokuwa nyumba namba 40, klabu ya kimataifa ya wafanyakazi iliyofunguliwa 1885. Mwaka huo huo Morris Winchevsky alianzisha gazeti la Kiyidi, lugha ya Wayahudi hawa, likiitwa Arbeter Fraynd, yaani Rafiki wa Mfanyakazi. Mwanzoni lilikuwa la wasoshalisti wa kila aina. Baadaye likawa la waanarkisti. Likawa linapigwa chapa hapo hapo kwenye ua wa klabu.

Utawakuta hapa watu na kiongozi wao mwenye mwavuli, wamekuja kwa habari nyingine kabisa. Usiku wa tarehe 30 Septemba 1888 msimamizi wa klabu, Louis Diemschutz, alirudi na farasi na mkokoteni wake, akaukuta mwili wa Elizabeth Stride uani. Ni mmoja wa wanawake wanaohesabiwa kuwa waliuawa na yule muuaji asiyejulikana wa Whitechapel, aliyepewa jina la Jack the Ripper. Waache wasikilize. Mimi huwaambia wageni wangu kwamba mauaji yale yamekula habari yote ya mtaa huu kwa zaidi ya karne, na sisi leo hatuyaongezei chakula.

Badala yake waeleze mambo mawili ya mwaka 1889. La kwanza, tarehe 16 Machi, watu wa klabu hii waliongoza maandamano ya mafundi wasio na kazi hadi Sinagogi Kuu, kule Duke's Place. Walikuwa wamemwomba kaimu kiongozi mkuu wa dini, Hermann Adler, awahutubie juu ya mateso ya karakana. Akakataa. Siku ikaishia Mile End kwa kupambana na polisi. La pili ni mgomo wa mafundi wapatao 10,000 ulioanza mwishoni mwa Agosti, wakati ule ule makuli wa bandari ya London walipogoma. Mafundi walitaka siku ya saa 12, na ndani yake saa moja ya chakula cha mchana na nusu saa ya chai. Hebu lipime dai hilo: walioliita ushindi ni watu waliokuwa wakifanya kazi zaidi ya hapo. Samuel Montagu, mwenye benki na mbunge, Myahudi pia, akaingia kati kupatanisha. Matajiri wakatia saini, kisha polepole wakarudi kwenye mambo yao.

Kuna jambo la tatu ambalo sipendi kulificha. Waanarkisti wa wakati ule walikuwa na desturi ya kufanya dansi na karamu siku ya Yom Kippur, siku takatifu ya kufunga, tena kwa kutangaza. Mimi nimelelewa Mombasa, naelewa mara moja: ni kama mtu kusimama mlangoni mwa msikiti mchana wa Ramadhani na sahani ya biriani, akitafuna huku anakutazama machoni. Mwaka 1904 Spitalfields kulizuka vurugu siku hiyo, waumini upande mmoja, wasio na dini upande mwingine. Walipata nini? Hawakumtoa mpiga pasi hata mmoja katika mateso yake. Na mtu aliyekuja kuwa kinara wao, Rudolf Rocker, hakuupenda mchezo huo. Nitamfikia sasa hivi.

Sidney Street, kwa haraka

Rudi Commercial Road, endelea mashariki, upinde kushoto Sidney Street. Tarehe 3 Januari 1911 polisi na askari waliizingira nyumba namba 100 kwa bunduki. Walikuwa wakiwasaka wezi wenye silaha, wanamapinduzi wa Latvia, waliohusishwa na kuuawa kwa polisi watatu pale Houndsditch mwezi uliotangulia. Winston Churchill, waziri wa mambo ya ndani, alikuja mwenyewe kutazama. Nyumba ikaungua, wawili wakafia ndani. Magazeti yakaandika "waanarkisti", na kila fundi wa Kiyahudi mwenye kitabu mkononi akatiliwa shaka. Siku hizi kuna majengo mawili ya makazi hapa yenye majina Peter House na Painter House, kwa kumkumbuka Peter the Painter, mtu aliyetafutwa asipatikane. Rocker aliyeishi hapa karibu miaka 20 akifundisha watu hana jengo. Usikae sana.

Jubilee Street

Barabara inayofuata, sambamba na Sidney Street, ni Jubilee Street. Hapa ndipo pa kukaa. Tafuta ilipokuwa namba 165. Hakuna kitu, ni makazi ya watu tu, lakini tarehe 3 Februari 1906 kanisa la zamani la Wamethodisti lilifunguliwa mahali hapa kuwa klabu ya Arbeter Fraynd, na Kropotkin, mzee mgonjwa wa moyo aliyezaliwa katika umwinyi wa Kirusi, alikuja kuhutubia japo madaktari walimkanya. Ukumbi ulichukua watu 800. Palikuwa na maktaba na chumba cha kusomea, masomo ya Kiingereza, historia, mashairi, muziki. Kila mtu aliruhusiwa kuingia, mwanachama au si mwanachama, mwanarkisti au mpita njia anayetaka kucheza sataranji. Lenin alipita humo. Baadaye msichana mmoja wa mtaani, Nellie Ploschansky, akaanzisha shule ya Jumapili ya watoto.

Sasa Rocker. Hakuwa Myahudi. Alizaliwa Mainz, Ujerumani, mwaka 1873, katika familia ya Kikatoliki, akajifunza ufundi wa kujalidi vitabu, akafika London 1895. Aliyoyaona Whitechapel yalimshika. Akajifunza Kiyidi na herufi zake za Kiebrania hadi akaweza kuhariri gazeti, na kuanzia Oktoba 1898 Arbeter Fraynd likawa mikononi mwake.

Ukimtaja Rocker, anza na Milly Witkop. Wengi humtaja kwa pembeni, kama mke wa bwana fulani. Milly alizaliwa 1877 katika mji mdogo wa Zlatopol, Ukraine, kwa wazazi wacha Mungu, akaja London peke yake msichana wa miaka 17 hivi, akashona vikarakanani, akaweka akiba senti kwa senti mpaka akawaleta wazazi na dada zake. Uanarkisti aliukuta kabla ya kumkuta Rocker. Baadaye walisafiri pamoja hadi New York, wakaulizwa cheti cha ndoa. Wakajibu kwamba hawana, na kwamba makubaliano yao hayahitaji karatasi. Wakaambiwa waoane pale pale au warudi. Wakarudi na meli ile ile. Ujumbe huo uwape wageni wako mkiwa mmesimama, kisha nyamaza. Utasikia mabishano ya bure mpaka Mile End Road. Shangazi yangu mmoja hajamaliza hadi leo.

Mile End Road na mwaka 1912

Panda Jubilee Street hadi Mile End Road. Upande wa pili utaona njia pana ya waenda kwa miguu, yenye miti na sanamu. Hapo ni Mile End Waste, mahali pa kuhutubia tangu zamani. Kaa kwenye benchi, toa vitafunio vyako, usimulie mgomo wa 1912 bila haraka.

Mwisho wa Aprili mafundi wa West End, wale wa suti za wakubwa, wapatao 1,500, waligoma. Matajiri wao hawakushtuka sana. Kazi iliweza kupelekwa kimyakimya East End, yaani huku mashariki ya London, ikashonwa na Wayahudi kwenye vikarakana. Mafundi wa East End wakawa wavunja mgomo bila kuulizwa. Rocker na wenzake wakaandika katika Arbeter Fraynd kwamba hilo halikubaliki. Tarehe 8 Mei ukumbi wa Assembly Hall, hapa hapa Mile End, ulijaa watu 8,000 na maelfu wakabaki nje. Wakapiga kura ya kugoma. Ndani ya siku mbili mafundi 13,000 walikuwa wameweka chini sindano.

Mimi kinachonivuta ni yaliyofuata baada ya makofi. Watu hawa hawakuwa na akiba. Vyama havikuwa na fedha za mgomo za kutosha, na watoto walikuwa wanataka kula. Kwa hiyo yakafunguliwa majiko kwenye ofisi za vyama, chai na mkate na jibini. Mikate ilitoka kwa chama cha waokaji Wayahudi, sigara zikatoka kwa watengeneza sigara. Gazeti la wiki likawa la kila siku. Rocker, mtu wa falsafa na hotuba, alipewa kamati ya fedha, kazi ya kuhesabu na kugawa. Ukitaka kumjua mwanaharakati wa kweli, mtafute kwenye daftari la mapato na matumizi, na kwenye sufuria.

Njaa ilipozidi, waliitwa usiku wa manane kwenye Pavilion Theatre, ukumbi wa maigizo ya Kiyidi pale Whitechapel Road. Rocker akawaeleza hali ilivyo, akawaachia waamue. Wakaamua kuendelea. Matajiri wakaanza kulegea, na baada ya wiki tatu hivi mgomo ukashinda: saa zikapungua, kulipwa kwa kipande kukaondolewa, hali ya karakana ikaahidiwa kurekebishwa, na chama kikatambuliwa.

Usiishie hapo. Wakati huo makuli wa bandarini nao walikuwa wamegoma, na wao mambo yaliwawia mabaya. Kumbuka kwamba makuli wengi hawakuwapenda Wayahudi. Sheria ya kuwazuia wageni ilikuwa imepitishwa 1905, na East End ndiko walikoipigia debe zaidi. Mafundi waliotoka kwenye njaa yao juzi wakasema leteni watoto. Zaidi ya watoto 300 wa makuli walichukuliwa kulelewa katika nyumba za Kiyahudi. Milly alikuwa mmoja wa waliolishughulikia jambo hilo. Mgomo wa makuli ulishindwa, lakini tarehe 4 Oktoba 1936, wafuasi wa mafashisti wa Oswald Mosley walipotaka kupita East End, makuli walikuwepo pale Cable Street wakijenga vizuizi bega kwa bega na Wayahudi. Wapo wanaounganisha moja kwa moja mambo haya mawili. Mimi nasema haikudhuru. Picha kubwa ya ukutani ya siku hiyo iko kwenye jengo la St George's Town Hall; ukiwa na nguvu, itengee safari yake, usiichomeke katikati ya hii.

Stepney Green

Fuata Mile End Road kuelekea stesheni ya Stepney Green, pinda kulia kwenye barabara yenye jina hilo, na mbele utaliona jengo refu la matofali lililoandikwa Dunstan Houses. Hili bado limesimama. Rocker na Milly waliishi namba 33, na mtoto wao Fermin, aliyezaliwa 1907 na baadaye akawa mchoraji, alikulia humo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Rocker alipinga pande zote mbili. Desemba 1914 akakamatwa kwa kuwa ni Mjerumani, akazuiliwa hadi 1918, sehemu kubwa pale Alexandra Palace. Milly naye akafungwa 1916 kwa kupinga vita. Klabu na gazeti vikafa.

Ni nyumba za watu, kwa hiyo tazama kutoka ng'ambo ya barabara, usibonyeze kengele za wenyewe. Ukitaka karatasi zenyewe, nenda siku nyingine: maktaba ya historia ya Tower Hamlets iko Bancroft Road, mwendo mfupi kutoka hapa, na Bishopsgate Institute karibu na Liverpool Street ina hazina kubwa ya vyama vya wafanyakazi na waanarkisti. Waandikie kwanza uwaambie unachotafuta, nenda na penseli kwa kuwa kalamu ya wino haziruhusu, na kama husomi herufi za Kiebrania omba kwanza vya Kiingereza. Kurudi mjini, basi namba 25 linapita Mile End Road.